Kumi na Saba

Dola mia na arobaini, dalali akagonga nyundo,
na kitrekta cha bustani kisicho na betri wala kiti,
kilichokaliwa na panya vipupwe kumi na tisa,
kikawa changu.
Ardis hakusema neno. Alihesabu kwa vidole
vilivyokwisha kujaa gerejini, akafika cha nane,
kisha akatazama nyasi zetu:
ua wa kutandika mikeka mitatu, na wa nne uukunje.
"Verlin," akasema, "unakata nyasi za nani?"

Kuna maswali mtu hayajibu.
Huyapeleka gerejini akayalowanishe.

Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda kama kupe.
Nikaimiminia dizeli na oili ya gia, nusu kwa nusu,
kila jioni kijiko, kama mgonjwa anyweshwaye uji.
Novemba ikapita. Theluji ya Wisconsin ikaziba mlango,
nikaipiga sepetu, nikaingia, kijiko kingine.
Chuma hakitaki hasira. Ukikilazimisha kinakatika;
ukikibembeleza, siku moja ambayo hukuitarajia
kinasogea upana wa ukucha.
Nilipiga kelele peke yangu, saa nne za usiku.

Kabureta niliichemshia kwenye sufuria ya Ardis
(hiyo ni kesi nyingine, haijahukumiwa).
Chini ya kifuniko cha feni nikatoa kiota:
nyuzi za soksi, maganda ya njugu,
kipande cha gazeti chenye bei ya maziwa ya zamani.
Nilikisoma chote kabla ya kukitupa.

Halafu msasa.
Juu rangi ya kijani, mtu aliipaka kwa brashi na haraka,
chini yake njano ya kiwandani, chini ya njano kutu,
na ndani ya boneti, pembeni, chini ya kutu,
tarakimu mbili zilizogongwa kwenye bati: 17.

Nikaweka msasa chini.

Mimi nilikuwa 31. Miaka kumi na miwili kiwandani Elk Hollow,
mpaka walipofunga lango wakauza hata saa ya ukutani.
Kila mkaguzi na namba yake.
17 alikuwa Gertie Kowalke, aliyesimama kabla yangu kwenye mstari,
aliyekula yai la kuchemsha wima, kwa mkono wa kushoto,
huku wa kulia ukipapasa bati
kutafuta bonde ambalo macho yetu hayakuliona.
Msimamizi alimwita kisirani. Boneti zake hazikurudishwa.
Alipofariki sikwenda kuzika; nilisema nina homa.
Leo niseme kweli: nilikuwa mnadani.

Wenzangu wa Jumamosi, kwenye uwanja wa maonyesho,
wanapenda rangi laini kama ganda la yai.
Duane Schlimgen alipitisha kidole ndani ya boneti.
"Hapa umeparuka."
Nikamwambia sikuparuka. Akangoja maelezo.
Nikammiminia kahawa.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kwanza ilikuwa Mei,
plagi mpya, petroli safi, kamba nikaivuta
mara tano, mara sita, bega likilalamika;
ya saba kikakohoa moshi wa buluu,
kikatema ganda la njugu lililonishinda kuliona,
kikashika.
Sauti yake ni ya mtu mzima anayesafisha koo
alfajiri, kabla ya kwenda kazini.
Ardis akatoka jikoni, taulo la vyombo begani,
akasimama mpaka nilipozima. Akarudi ndani.
Nyasi nikaziacha zilivyo. Nani achafue rangi mbichi?
Mtoto wa jirani hutukatia kwa mashine ya kusukuma,
dola kumi na tano, na limau baridi.

Usiku nikarudi na tochi, nikainua boneti.
Pale penye namba sikupaka rangi, nilipaka vanishi tu,
na kutu kidogo imelala humo ndani.
"Pita," nikasema, kama alivyokuwa akisema yeye
bila kutabasamu,
akiisukuma boneti ije mikononi mwangu.