Daftari la Mahudhurio

Mwezi wa kwanza majina yalikuwa thelathini na manane.
Nikiyaita, karakana inaitika kama bati chini ya mvua:
yupo, yupo, yupo.
Kufika wiki ya saba bati limekauka.
Naita Chaurembo, inaitika feni.
Naita Sikudhani, linaitika benchi.

Daftari letu hapa Chang'ombe linajua alama mbili tu:
vema, na mkasi.
Vema kwa aliyekuja, mkasi kwa asiyekuja,
na mkasi, kazi yake ni kukata.
Miaka kumi na mmoja nimekata.
Mwisho wa muhula nasema: vijana wa siku hizi hawana nia,
nafunga daftari,
naenda zangu kunywa chai.

Mwaka huu sijui nilipatwa na nini.
Labda ni ile elektrodi niliyookota chini ya benchi lake,
imetumika mpaka mwisho, hakikubaki hata kipande cha ukucha.
Asiye na nia hamalizi fimbo namna ile.
Nikanunua vocha. Nikapiga.

"Mwalimu, nashusha vitunguu sokoni Ilala,
malori yanaingia saa nane usiku.
Nikija asubuhi naona mishono miwili palipo na mmoja.
Sijaacha chuo, mwalimu.
Chuo ndicho kinachoanza nikiwa nimelala."

Nikalibeba neno hilo hadi kwa Bi Ngwasi, mkuu wetu.
Akauliza umeme wa jioni utalipwa na nani.
Akauliza mlinzi. Akauliza mabinti watarudije makwao usiku.
Aliuliza mengi, na yote ya haki.
Kisha akavua miwani: "Wangapi?"
Tukahesabu mikasi, kidole kwa kidole.
Kumi na tisa.
"Anzeni saa kumi na moja jioni," akasema,
"nami nitajua nitakavyowajibu wizarani."

Walirudi kumi na wawili.

Barabara ya Pugu kuna kiwanda cha matangi.
Nilikuwa nikipita nje yake kila siku kama mtu apitaye nje ya msiba asioujua.
Safari hii nikaingia, nikamuuliza msimamizi, Bwana Mushobozi:
vijana wetu wanapungukiwa nini?
Nilidhani atataja mashine tusizo nazo.
Akasema: "Mikono mnatuletea.
Lakini mtu anaharibu mshono, anapaka rangi juu, ananyamaza.
Tunakuja kujua siku mafuta yanapomwagika."

Nikarudi na somo lisilo kwenye mtaala.
Ubaoni nikaandika: *Nimekosea hapa.*
Haya, mmoja mmoja, kwa sauti.
Wallahi, chuma ni laini kuliko sentensi ile.
Mmoja alicheka mpaka akashika nguzo.
Mwingine alisema "Imekosewa",
nikamwambia: na nani?
Nami, ili niwe mkweli, nikaanza na langu:
Miaka kumi na mmoja. Nimekosea hapa.

Siku ya usaili, nafasi tatu, waombaji arobaini,
na tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu
kana kwamba uzoefu unauzwa gengeni kwa mafungu.
Sikudhani akachomelea, akapiga brashi, akainama.
Kabla mkaguzi hajafika alikwisha chukua chaki,
akazungushia kitundu kidogo kama punje ya ulezi.
"Nimekosea hapa. Nipe dakika tano nikate, nirudie."

Bwana Mushobozi akatazama saa.
"Chukua kumi."

Sasa anakwenda kazini mchana, anavaa buti zake mwenyewe,
na vitunguu, anasema, anavinunua kama watu wengine.

Ila Chaurembo hajarudi.
Simu yake inasema haipatikani, kwa sauti ya kike yenye adabu.
Kwenye mstari wake sijaweka vema, sijaweka mkasi.
Nimeandika namba yake kwa penseli,
na kila Jumatatu, kabla ya kuita majina,
napiga.