Pete ya Waya

Daktari wa meno pale Wete amechovya pamba kichupani.
"Mafuta ya karafuu, bibi. Yatakutia ganzi. Panua."
Kabla pamba haijagusa gego
nimeshafika Kwa Mabanda,
nyuma ya kiwanda cha makonyo,
saa kumi ya alfajiri, honi inalia.

Honi ile haikuwa adhana,
lakini sisi watoto tuliiamkia kwanza.

Vyumba kumi na viwili, bati moja refu juu yetu sote:
ukikohoa cha kwanza, cha kumi na mbili wanakwambia pole.
Zamu ya usiku ikirudi, zamu ya mchana inainuka;
mkeka wetu, tangu kununuliwa, haukuwahi kupoa.
Choo kimoja. Kisima kimoja, maji yana utandu wa mafuta,
chai yetu ikinukia biriani ambayo hatukuipika.

Mimi nilichambua: karafuu huku, konyo kule,
kucha nyeusi mpaka Idi.
Kaka yangu Shaame, yeye alikuwa mtu wa ndani.
Pipa la shaba likishapikwa, likishatoa roho yake chupani,
lazima mtu aingie kukwangua makapi,
na mdomo wa pipa ulikuwa mdogo.
Kwa hiyo nokoa alikuwa na pete ya waya,
kaitundika msumarini, kando ya daftari la mshahara.
Kila Jumamosi watoto walipanga foleni.
Pete ikipita mabegani mpaka kiunoni: senti thelathini.
Ikikwama: nenda kabebe kuni, senti kumi na mbili.

Shaame alinukia.
Chuoni maalimu alimtandika, akidhani ameiba uturi wa mkewe.
Mbu walimkimbia.
Wasichana walimwita Bwana Harusi,
naye ana miaka tisa,
macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia,
ngozi ya viganja inabambuka kama ganda la kitunguu.

Usiku mama akipakua muhogo,
Shaame alikata wake katikati, akanisukumia.
"Nimeshiba, Mize. Kula wewe."
Nikala. Nikanenepa. Mama akasema,
tazama mapenzi ya kaka.
Ni kweli, yalikuwa mapenzi.
Ilikuwa pia waya.

Lakini mfupa haujui hesabu ya senti.
Mwaka ule vuli zilipowahi
pete ilimkwama begani, upande wa kushoto.
Alitoa pumzi yote. Alijipinda.
"Jaribu tena, nokoa, nimevaa shati nene."
Akavua shati.
Ikakwama kwenye ngozi.

Nokoa hakumkaripia. Hakuwa mtu mbaya,
sikukuu alitugawia miwa.
Alitazama tu nyuma ya Shaame,
pale niliposimama na ungo wangu.
"Na huyu mdogo wako?"

Shaame hakumeza hata mate.
"Huyo ana kifafa. Akiingia pipani mtamtoa maiti."

Pete ikarudi msumarini.

Uwongo ule ulinifuata kama jina la ukoo.
Maalimu alinisomea, akanitemea mate utosini.
Mama, aliyejua, alinyamaza.
Wachumba wawili walikuja, wakaambiwa,
wakarudi na sahani zao za halua.
Shaame alibeba kuni mpaka akawa mtu mzima,
kisha akabeba kifua chake,
kisha tukambeba sisi.
Siku ya kumuosha, mwoshaji aliuliza
nani ameshampaka karafuu kabla ya kafuri.

Sasa ulimi wangu umekufa nusu.
Daktari anajaza fomu, kijana mpole, kalamu ya buluu.
"Bibi, kabla sijaling'oa: una maradhi yoyote ya kudumu?"
Namjibu kwa mdomo uliopinda:
"Andika kifafa."
"Tangu lini?"
"Tangu nina miaka saba.
Na sijaanguka hata siku moja."