Silabusi ya Mwaka Huu

Miaka kumi na tisa nimefundisha mto
ambao maji yake sijawahi kunawa.
Mto Meuse, wa Ubelgiji: kina chake, kasi yake,
mvua zake za Novemba, kingo zake za zege.
Niliurithi kwa profesa wangu pamoja na koti,
naye aliurithi kwa wake,
na karatasi zilipogeuka manjano
nikasema hiyo ndiyo rangi ya elimu.

Ndipo Nabintu, safu ya tatu,
viatu vimeshika tope la Kadutu,
akanyoosha mkono nikiwa katikati ya hesabu:
"Profesa, na Kawa je?"
Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka,
cheko la mtu aliyekanyagwa kidole.
"Kawa si mto," nikasema, "ni mfereji wa takataka."
"Jumanne ulichukua jiko la mama," akajibu,
akaketi.

Usiku ule mvua ilipiga bati langu
kama mtu anayedai deni.

Wiki iliyofuata niliburuta viti vitatu
hadi ofisini, ambako hata mimi huingia kwa ubavu.
Nabintu, Cirhuza, na Ombeni asiyesema.
Nikawaambia: haya, kozi ni yenu pia, semeni.
Kimya.
Tulikuwa tumewafunza, mwaka baada ya mwaka,
kwamba mdomo wa mwanafunzi ni wa kujibu tu.
Kisha Cirhuza akaomba mtihani ufutwe.
Nikakataa. Akaomba tena. Nikakataa kwa upole.
Nabintu alitaka tushuke bondeni na kamba na saa.
Ombeni akachora: kilima, nyumba, ufa,
na mshale mmoja ukielekea chini.

Mkuu wa kitivo alivua miwani:
"Tangu lini mgonjwa akajiandikia dawa?"
Jibu nililipata ngazini, nikishuka,
na hapakuwa na mtu wa kumpa:
hata daktari huanza kwa kuuliza wapi panauma.

Jumamosi tukashuka, thelathini na wawili,
suruali zimekunjwa magotini.
Akina mama wa Nyamugo waliacha mafungu ya sombe
wakauliza kama tumepoteza mtu majini.
Tulitupa chupa tupu, Cirhuza akashika saa,
watoto wakaifuata ukingoni wakipiga kelele za namba,
wakikosea, wakianza upya.
Mwanamke mmoja alituonyesha alama ukutani,
juu ya kitasa cha mlango:
"Hapa maji yalifika mwaka ule wa mtoto wangu wa pili."
Nabintu akaandika. Mimi nikaandika kutoka kwa Nabintu.
Vipimo vitatu, majibu matatu.
Meuse haijawahi kunifanyia hivyo kitabuni.

Sasa ni Oktoba. Nimempelekea Bashige wa fotokopi,
pale kibandani karibu na geti, silabusi mpya.
Meuse imebaki kurasa sita; sikuweza kuifukuza yote.
Baada yake kuna kichwa kimoja, Kawa,
na kurasa kumi na moja nyeupe.
Bashige akazipeperusha, akanitazama kwa huruma:
"Profesa, mashine imekula maneno."
"Haijala. Yanakuja."
"Na bei? Ile ile?"

Nyuma yangu foleni ilikuwa inasikiliza.
Nikafikiri juu ya karo ya wanangu, kidogo.
"Punguza," nikamwambia.
"Hizo hazikuandikwa na mimi."