Dakika ya Kumi na Mbili

Dakika kumi na moja, alisema Sólvá kwenye simu,
kisha inakata roho.
Umehesabu? nikamwuliza.
Nahesabu mishono tangu nina miaka sita, akajibu,
dakika ndizo zitakazonishinda?

Nikavuka handaki chini ya bahari hadi Klaksvík,
bisibisi mfukoni, mvua ya mshazari kiooni.

Mwanawe, Eyðun, mchomelea vyuma huko Aalborg,
alikuwa ameshatoa hukumu kutoka mbali: ni mtandao.
Basi mama akanunua ruta mpya yenye pembe nne,
akanunua kebo ndefu ya kuzunguka ukuta mzima,
akahamia kifurushi cha bei ghali.
Dakika zikabaki kumi na moja.
Mtandao ni kama mkwe:
chochote kikiharibika nyumbani, anasingiziwa yeye.

Nilianza pale nilipozoea kuanzia.
Nikabadilisha kisambaza umeme. Ikazima.
Nikachomoa vijiti vya kumbukumbu,
nikavisugua meno kwa kifutio cha shule,
nikavirudisha kimoja kimoja. Ikazima.
Nikaketi, nikaisikiliza.
Mimi ni mtu wa kujua feni kwa sauti,
na hii haikuvuma. Ilinong'ona,
kama mtu anayesema akiwa na blanketi mdomoni.

Nikafungua.
Halikuwa vumbi. Ilikuwa sufu.
Mapezi ya kipoza joto yamejaa pomoni,
sufu imeshikana, tabaka juu ya tabaka,
kwa sababu Sólvá hufuma akizungumza,
na kompyuta, pale miguuni pake,
huvuta pumzi ileile anayoivuta yeye.

Nikaitoa kwa kibanio. Akaisoma.
Nyekundu hii ni ya mjukuu, Krismasi ya mwaka juzi.
Kijivu, soksi za mchungaji,
wa kanisa, si wa kondoo; alilalamika zinawasha.
Na hii kijani, nene kuliko zote?
Ya Hanus. Niliifuma mara tatu, nikaifumua mara nne.
Hesabu hiyo haiingii, nikasema.
Ya nne ni ile aliyojinunulia dukani.
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Hiyo usitupe, akasema.
Nikaiweka kwenye kisosi, kando ya parafujo.

Krimu ya kupozea ilikuwa imekauka, imepasuka,
kama uji uliosahauliwa sufuriani.
Nikaipangusa kwa spiriti,
nikatia tone jipya, kadiri ya dengu moja,
nikafunika, nikawasha.
Nyuzi arobaini na tatu. Zikatulia hapo.

Mpigie, nikasema, tuijaribu.

Eyðun akatokea na kofia yake ya kazi.
Wakaongea mbiombio, bila kupumua,
kama watu wanaoanua nguo mvua ikianza:
goti, bei ya samaki, mtoto kang'oka jino,
shangazi hataki kutibiwa.
Dakika ya kumi Eyðun akaanza kuaga.
Alishazoea; aliaga vizuri, kwa mpango,
kila salamu na mtu wake.
Ya kumi na moja ikafika.

Ikapita.

Nyuso mbili zikabaki zinatazamana.
Hakuna aliyebaki na neno.
Miaka miwili walikuwa wamekata maongezi kwa kipimo,
na sasa kitambaa kimekwisha
na mkasi bado uko hewani.
Mashine ilikuwa baridi, sina la kuilaumu.
Kupoa si kupona, nikawaza,
na hilo bisibisi haifiki.

Mama, upo?

Nipo.

Kimya. Mvua dirishani, kwake na kwetu.
Halafu sindano zikaanza tena kugongana, polepole,
na Eyðun akavua kofia, akaiweka mezani.
Unafuma nini? akauliza.

Mimi nikainama,
nikaendelea kukaza parafujo
iliyokwisha kukazika.