Pikofaradi Nne

Ibra, maabara namba tatu, saa mbili usiku.
Nje lami bado inatema joto la mchana,
ndani kiyoyozi kinatugandisha vidole;
mimi na Durdana tumevaa majaketi mwezi wa tano
kama watu waliokosea msimu.

Mezani: bodi ya kijani,
transista moja, miguu mitatu, imekaa kama mafiga,
na koili niliyoizungusha mwenyewe,
mizunguko kumi na minne,
nikihesabu kwa Kiswahili,
maana kwa Kiingereza hupotea nikifika kumi na moja.
Moshi wa lehemu umeningia kwenye mtandio.
Mama atauliza: umefukiza udi gani huo?

Oskileta haitaki.
Kwenye skrini mstari umelala chali,
umenyooka kama barabara ya Sinaw.
Hesabu ziko sawa. Nimezirudia,
nimezirudia tena, nikampa Durdana azirudie.
Betri nzima. Waya mzima.
Durdana anasema neno la Kibaluchi
ambalo kila nikimuuliza maana yake anacheka.

Nikanyoosha mkono kuchukua bisibisi,
na mstari ukaamka.

Ukapanda ukashuka, ukapanda ukashuka,
mgongo wa ngamia nyuma ya mgongo wa ngamia,
mara milioni saba kwa sekunde.
Nikavuta mkono: ukafa.
Nikaurudisha: ukafufuka.
Sikugusa kitu, wallahi,
hewa ya vidole viwili kati ya ngozi yangu na koili.
Durdana akajaribu mkono wake. Nao ukakubaliwa.
Tukawa tunapokezana kama watoto na bembea,
kazi tumeisahau.

Mwalimu Sreedharan akaja na chai yake ya tangawizi,
akatazama skrini, akatazama mkono.
“Hongera, Ghalya. Umekuwa kipuri.
Tatizo, kila redio tutakayouza
itabidi tukuuze na wewe.”

Kumbe mwili nao unaweka chaji,
kidogo, kama ukungu unavyoweka maji kwenye jani.
Mahesabu yangu yalikuwa sawa kwa chumba kisicho na mtu.
Akaniuliza: mkono wako ni kiasi gani?
Swali hilo sikuwahi kuulizwa.
Nikapima, nikakadiria, nikafuta, nikaandika:
pikofaradi nne.

Nikatafuta kwenye droo kapasita ya kauri,
punje ya dengu yenye miguu miwili,
nikailehemu pale mkono wangu ulipokuwa,
kisha nikarudi nyuma hatua tatu,
mikono mgongoni, kama mtu aliyekatazwa.
Wimbi likabaki.
Likabaki bila mimi.
Sijui kwa nini niliona wivu.

Usiku nilimpigia Mama, Mudhairib.
Alikuwa anatoboa kofia ya kaka, ya Idi,
simu kaibana kwa bega; nasikia sindano
ikipita kwenye kitambaa, pu, pu.
Nikamweleza yote, nikakwama njiani:
“mrejesho” ninalo, “kelele” ninalo,
mengine nikayasukuma na Kiarabu yapite.
Akanyamaza. Pu. Pu.
“Basi uliruka kitundu,” akasema.
“Ukiruka kimoja tu kofia nzima inavuta upande,
na wewe ulikuwa unaishikilia kwa kidole.”

Juu ya jabali mnara ulikuwa unawaka taa yake nyekundu,
na sauti ya Mama ilikuwa inapita humo,
kwenye vichungi, kwenye vikuza, kwenye koili
ambazo mtu fulani, mahali fulani, alizizungusha
akihesabu kwa lugha ya kwao.
Nikawaza punje zote zile za kauri:
ngapi zimekaa pahala pa mkono wa mtu?

Matokeo yamebandikwa Alhamisi.
Sita kwa kumi.
Nne zimekatwa kwa kuchelewesha.