Pa Kurukia

Kiboriloni, saa kumi na moja, ukumbi haujafagiliwa.
"Pulizeni kama mtakavyopuliza usiku," nawaambia.
Wanapuliza kama watu waliokopeshwa pumzi.

Nawajua hawa.
Wakwe wakishajaa viti vya mbele
mashavu yatafura, na tarumbeta ya Elinami
itatwanga bati mpaka popo wahame.
Nashusha geini. Alama ya kitufe ilitazama saa sita,
sasa inatazama saa tatu.

Kimambo wa mikisa ananinyooshea waya:
"Chukua kwangu, safi kabisa."
Safi, ndiyo; lakini hamna ukumbi ndani yake,
hamna benchi linalolia, hamna kikohozi cha mama mmoja
kati ya ubeti na ubeti.
Nauchomeka hata hivyo, tundu la laini, siyo la maiki.
Maiki zangu mbili nazitundika juu, zisikie na paa.

Mwaka jana nilikuwa na tamaa.
Nilitaka sauti nene. Taa ikawaka nyekundu,
nikasema, itapita.
Mzee Anaeli tulimzika Juni.
Mjukuu wake huja jioni: "Niwekee ile."
Na pale babu anapopanda juu kabisa
sauti inachanika kama kanga kwenye seng'enge.

Sauti ndogo nitaikuza kesho, kwa subira na chai.
Iliyopasuka haina fundi.

"Mbona mshale hauchezi?" anauliza Ndeshimona,
anapangusa mate kwenye tarumbeta yake.
Unacheza, dada.
Umeachiwa pa kurukia.