Jembe Namba Kumi na Moja

Mwezi wa sita, Loleza umejifunika ukungu hadi mabegani,
Afande Kihongosi akatuuliza gwarideni:
"Nani hapa anajua kilimo?"
Tukacheka kimoyomoyo. Mbeya hii,
nani kazaliwa bila udongo kwenye kucha?
Lakini gerezani swali ni mtego mpaka lithibitike,
basi kila mtu akatazama vidole vya miguu yake.

Mzee Mwashambwa ndiye aliyenyoosha mkono.
Miaka sabini, wizi wa ng'ombe, meno manne.
"Mimi najua," akasema. "Ila viazi tu.
Hivyo vingine ni vya kina mama."

Ndivyo bustani ilivyoanza.

Nyuma ya choo, penye mabati mabovu
na magugu yaliyotuzidi kimo,
tuligawiwa majembe kumi na manne,
kila moja na namba yake kwa rangi nyekundu,
kama sisi.
Mimi likaniangukia la kumi na moja.

Sikulishika mara moja.

Kule kwetu Rungwe mpaka alioacha baba
ni mstari wa migomba,
na mgomba, mnajua, hauhami,
watoto wake ndio wanaohama.
Miaka ishirini mstari ule ulitembea, polepole, kuelekea kwa kaka,
nami nikatembea nao.
Hatua tatu. Nilizihesabu mwenyewe kwa miguu hii mifupi.
Siku aliyokuja na panga kuing'oa
nilimpiga kwa mpini wa jembe.
Mkono wa kulia wa Ambindwile haufiki tena kichwani.
Kofia huivaa kwa kushoto.

Na sasa serikali inanirudishia mpini,
inaniambia: lima.

Mikono ilikumbuka kabla yangu.

Tukaotesha chainizi, figiri, karoti.
Kitalu cha kabichi tukakifunika nyasi kwa hofu ya jalidi,
na usiku, baridi ikitafuna mablanketi,
watu arobaini chumba kimoja
walilala wakiiwaza miche.
Sanga, kijana wa Makete, bado ana miaka minane.
Aliacha kuhesabu miezi.
"Kabichi moja siku tisini," akasema.
"Nimebakiza kabichi thelathini na mbili."
Nyampara akamuuliza kama akizila upesi atatoka mapema.

Jioni majembe huhesabiwa kabla ya watu.
Siku moja yakarudi kumi na matatu.
Tulichuchumaa mpaka nyota zikatoka;
filimbi, matusi, tochi juu ya karoti.
Lilikuwa limesimama wima kwenye lundo la samadi,
pale mzee alipoliacha akaenda kujisaidia.
"Namba tatu ni ya nani?"
Usiku ule hakuna mfungwa aliyejua kuhesabu.
Tukalala bila ugali.

Tuta la Sanga lilipakana na langu.
Njia ya katikati niliiacha pana,
ng'ombe angepita na ndama wake.
Mvua za Desemba zilipoanza
akafukia mbegu ya boga aliyoiokota jikoni,
na boga halikusoma hukumu yangu:
likatambaa, likavuka njia,
likazaa kwangu.
Sikupima. Macho ndiyo yaliyopima, yana tabia zao.
Hatua tatu ndani.

Nililipalilia kwa kulizunguka, wiki baada ya wiki,
likanenepa, likawa na mgongo kama wa mtu aliyeshiba,
na siku kikonyo kilipokauka
nikaita:
"Sanga, njoo uchukue mali yako."
Akaja. Akalitazama, akanitazama.
"Limelala kwako," akasema, "limekula kwako."
Tukasimama hapo, mvua ikitulowesha,
kila mmoja akimsukumia mwenzake boga.

Visu haviruhusiwi.
Tulilipasua kwa jembe,
nusu kwa nusu, kwa kukadiria.

Filimbi.
"Kumi na moja!"
"Lipo, afande."
Kihongosi akaligeuza mkononi,
akaona nyuzi za njano zimeng'ang'ania chuma,
na mbegu mbili,
akafungua mdomo,
akaufunga.
"Kumi na mbili!"